Stesheni za Nyika: Historia Iliyojengwa kwa Mbao na Mabati

Wahenga walinena kwamba njia ya siku zote haina alama. Kitu kitumiwacho kila siku hakitazamwi, na kisichotazamwa hakiulizwi habari zake. Ndivyo zilivyo nyumba za stesheni zilizojengwa kando ya reli itokayo Mombasa kwenda bara. Mwanachuoni aelezapo historia ya ujenzi katika Afrika ya Mashariki huanza na magofu ya Gedi, akaingia Ngome ya Yesu iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka wa 1593, akapita katika majumba ya mawe ya Lamu na Unguja, kisha akamalizia kwa makanisa na maboma ya serikali za kikoloni. Stesheni ndogo ya shamba, yenye kuta za mbao na paa la mabati, huachwa nyuma kama garimoshi la haraka linavyoiacha: jina lake husomwa ubaoni kwa muda mfupi, kisha husahauliwa.

Kusahauliwa huko ni hasara ya elimu. Stesheni za nyika, yaani zile zilizo baina ya Mazeras na Mto Athi, ni hati za historia, na kila pembe yake yaweza kusomwa. Atakayezisoma kwa makini ataona jambo moja kubwa. Nyumba hizo zilijengwa kwa ajili ya haja za mashine na utaratibu wa watawala. Wenyeji wa mahali hawakuulizwa wala hawakukusudiwa. Hata hivyo wenyeji na wageni wa hali ya chini walizitwaa kidogo kidogo, wakazigeuza kuwa baraza. Leo haja ya mashine imekwisha na utawala ule umekwisha, lakini baraza ingali inatafuta mahali pa kukaa. Swali la nini kifanywe kwa nyumba hizo haliwezi kujibiwa na mtu asiyejua kwanza zilivyoanza.

Reli hiyo ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896. Ilifika Nairobi mwaka wa 1899, na mwezi wa Desemba 1901 ikafika ukingoni mwa Ziwa Viktoria, mahali paitwapo sasa Kisumu, baada ya kupita zaidi ya kilomita 900. Upana wa njia yake ulikuwa mita moja. Serikali ya Uingereza ilikusudia kufika Uganda na chimbuko la Nili. Nchi iliyokuwa katikati ilihesabiwa kuwa kizuizi cha kuvukwa, wala haikudhaniwa kuwa na faida ya kusimamia. Watu wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kufanya kazi hiyo. Karibu 2,500 kati yao walikufa, na wapatao 6,700 walibaki katika nchi baada ya kazi kwisha. Hesabu hizo mbili za mwisho zifaa kukumbukwa, kwa kuwa wale waliokufa na wale waliobaki ndio waliotia roho katika nyumba ambazo habari zake zaelezwa hapa.

Injini ya mvuke ina njaa na kiu pamoja. Njaa yake katika miaka ile ilishibishwa kwa kuni, na kiu yake kwa maji mengi. Katika nyika kuni zilikuwako. Maji yalikuwa haba. Kutoka Mazeras msafiri huingia Taru, nchi ya miiba na udongo mwekundu, iliyoogopwa na misafara ya wapagazi kwa miaka mingi kabla ya reli kufikiriwa. Wakati wa ujenzi maji ya watu na ya mashine yalipelekwa mbele kwa garimoshi, na siku garimoshi la maji lilipochelewa kazi ilisimama. Mto wa kwanza wa kutegemewa ni Voi, uteremkao kutoka milima ya Taita, zaidi ya kilomita 160 kutoka Mombasa. Baada yake wafuata Mto Tsavo, chemchemi za Kibwezi, na maji ya Makindu. Mtu atazamaye ramani ataona kwamba stesheni kubwa za nyika zimepangwa kwa kufuata maji hayo, kama shanga zilizotungwa katika uzi.

Sababu ya pili ilikuwa hesabu. Njia ilikuwa moja tu, na magarimoshi mawili yanayoelekeana hayawezi kupishana ila mahali penye njia mbili. Kwa hiyo baada ya kila masafa fulani ilipasa pawe na njia ya pembeni, na penye njia ya pembeni ilipasa pawe na mtu wa kuilinda, na mtu huyo alihitaji waya wa simu ili aiulize stesheni ya mbele kama njia ni tupu. Mtu na chombo chake cha simu walihitaji chumba. Hicho chumba ndicho mbegu ya stesheni. Vyumba vingine vyote viliongezwa juu yake.

Basi mahali pa stesheni palichaguliwa na kiu ya injini na hesabu ya mhandisi. Kijiji, soko na makaburi ya wazee havikuwa na neno katika shauri hilo. Machakos ilikuwa makao makuu ya serikali katika Ukambani, lakini reli ilipita mbali nayo. Abiria aliyekwenda huko alishuka katika stesheni iliyoitwa Machakos Road, akatafuta njia nyingine ya kufika. Mwaka wa 1899 makao makuu hayo yalihamishiwa Nairobi, mahali palipokuwa uwanda wa matope na kambi ya reli. Mji wa watu uliachwa, na kambi ya mashine ikawa mji mkuu.

Majina ya stesheni nyingine yaonyesha jambo hilo hilo. Mackinnon Road yakumbusha barabara ya kampuni iliyoongozwa na William Mackinnon, tajiri wa meli. Sultan Hamud ni jina la Sultani Hamoud bin Mohammed wa Unguja, aliyetawala kutoka mwaka wa 1896 hata 1902. Majina haya yalishuka katika garimoshi pamoja na mizigo. Yako kando ya majina ya wenyeji, kama Voi, Tsavo na Kibwezi, na aliyesafiri akiyasoma mbao kwa mbao alisoma pia orodha ya waliodai nchi na waliokuwa wenye nchi.

Sasa na litazamwe jengo lenyewe. Stesheni za kwanza zilijengwa kwa miti na mabati. Bati lenye mikunjo lilibuniwa London mwaka wa 1829 na mhandisi Henry Robinson Palmer. Mikunjo yake huipa karatasi nyembamba ya chuma nguvu ya kujibeba yenyewe, hata fundi akaweza kufunika nafasi pana kwa boriti chache. Bati ni jepesi, hulazwa juu ya mwenziwe bila kupoteza nafasi, halivunjiki njiani, na mtu asiye fundi mkubwa aweza kulipigilia. Sifa hizo zililifanya liwe kifaa cha ujenzi kwa dola iliyoenea mbali na yenye haraka. Kadiri reli ilivyosonga mbele, ndivyo ilivyoweza kujiletea yenyewe nyumba zake: mbao, misumari na mabati yalisafiri juu ya njia ile ile waliyokuja kuihudumia. Ni kusema kwamba katika nyika stesheni ilipanda garimoshi kabla ya abiria.

Umbo lake lilikuwa jepesi kufahamika. Nyumba ilikuwa ndefu na nyembamba, ikilala sambamba na reli. Sakafu iliinuliwa juu ya ardhi, kwa sababu mbili: mchwa wa nyika hawaachi ubao uliogusa udongo, na upepo upitao chini hupunguza joto. Paa lilitelemka pande mbili, na upande wa reli lilitokeza nje sana, likashikwa na nguzo na kufanya upenu. Bati la paa likipigwa na jua la mchana huwaka kama chungu mekoni, na bila upenu huo hakuna mtu awezaye kungoja. Mvua inyeshapo bati hupiga kelele hata sauti ya mtu haisikiki. Fundi aliyechora nyumba hiyo alijua bei ya vifaa na uzito wake. Mkaaji wa ndani ndiye aliyejifunza tabia zake.

Katikati palikuwa na ofisi ya mkuu wa stesheni, ambaye katika miaka ya mwanzo aghalabu alikuwa Mhindi. Dirisha moja la ofisi lilielekea reli, ili atazame garimoshi lijalo. Jingine dogo lilielekea watu, nalo lilikuwa dirisha la tiketi. Udogo wa dirisha hilo ulikuwa na maana: mkono wa mnunuzi uliingia, uso wake haukuingia. Upande mmoja wa ofisi palikuwa na ghala ya mizigo, na upande wa pili chumba cha kungojea. Nje palikuwa na tangi la maji juu ya minara yake, refu kuliko nyumba yenyewe, kwa maana maji lazima yashuke kwa nguvu ndani ya injini. Palikuwa pia na kipande cha reli kilichotundikwa, kikigongwa badala ya kengele, na ubao wa jina la mahali, ambao aghalabu ulitaja pia kimo chake juu ya bahari. Kimo hicho kilimfaa dereva na mhandisi. Mchungaji wa mbuzi wa mahali hapo hakuhitaji kuambiwa kwamba nchi yake iko juu.

Jambo la kukumbukwa ni wembamba wa kuta hizo. Mwaka wa 1898 simba wawili walisimamisha kazi ya daraja la Tsavo kwa kuua wafanyakazi kambini. Mwezi wa Juni 1900 ofisa wa polisi aitwaye Charles Ryall alilala katika behewa kwenye njia ya pembeni ya stesheni ya Kima, akimngoja simba aliyekuwa akisumbua mahali pale. Simba akaingia behewani akamwua, kisha akatoka naye kwa dirishani. Behewa hilo limehifadhiwa katika makumbusho ya reli ya Nairobi, yaliyoanzishwa mwaka wa 1971. Habari za simba zimesimuliwa mara nyingi mno, hata zimefunika habari nyingine. Hapa zatosha kuonyesha kwamba stesheni ya nyika, pamoja na chuma chake chote, ilikuwa ganda jembamba lililowekwa juu ya nchi isiyoijua.

Ganda hilo lilikuwa na vyumba, na vyumba vilikuwa na watu wake. Madaraja ya garimoshi yaliendelea hata ndani ya jengo. Daraja la kwanza lilikuwa la Wazungu, la pili aghalabu la Wahindi, na la tatu lilikuwa la Waafrika. Chumba cha kungojea chenye viti na mlango kilikuwa cha madaraja ya juu. Msafiri wa daraja la tatu, ambaye wenziwe ndio waliokuwa wengi, aliketi upenuni, au juu ya mzigo wake, au chini ya mti. Kabla ya magarimoshi kuwa na mabehewa ya chakula, abiria wa Kizungu walishuka Voi kula katika nyumba iliyoitwa dak bungalow, jina lililotoka Bara Hindi pamoja na utaratibu wake. Wale wa daraja la tatu walinunua chakula nje kwa wachuuzi waliokuja na vikapu. Hivyo palikuwa na meza mbili katika stesheni moja: moja chini ya paa, yenye kitambaa, nyingine mavumbini, yenye mazungumzo.

Meza hiyo ya pili ndiyo iliyodumu. Hapo ndipo historia ya jengo inapoanza kugeuka, na mgeuko huo waonekana hata katika lugha. Waswahili walipoiona reli hawakuridhika na maneno ya kuazima peke yake. Waliazima stesheni, reli, tiketi na injini. Lakini vipande vya mbao na chuma vilivyolazwa chini ya reli waliviita mataruma, kwa jina la mbao zinazoimarisha ubavu wa chombo cha baharini. Gari la abiria na mizigo waliliita behewa, neno lililokuwa na maana ya ua wa ndani katika nyumba. Baharia aliitazama reli akaona jahazi. Mwenye nyumba alilitazama gari akaona ua. Na pale garimoshi lisimamapo palipata jina la pili, kituo, neno litokalo katika kutua, yaani kuweka chini mzigo. Hilo ni neno la mpagazi. Stesheni ni jina alilolileta mtawala, na kituo ni jina ambalo njia ya misafara ililiacha pale pale.

Tofauti ya majina hayo ni tofauti ya mawazo mawili juu ya jengo moja. Katika nyumba ya Mswahili wa pwani baraza iko nje ya mlango, na ni zawadi ya mwenye nyumba kwa wapitao. Mtu huketi bila kuulizwa daraja lake, habari huletwa na kupelekwa, na mgeni hujulikana kabla ya kukaribishwa ndani. Upenu wa stesheni wafanana na baraza kwa umbo: una kivuli, una sakafu iliyoinuliwa, na waelekea njia. Lakini aliyeuchora hakukusudia ukarimu. Aliutaka uwafunike watu kwa muda wa kungoja, kisha waondoke. Waliouketi ndio walioupa maana ya baraza.

Ushahidi wa mgeuko huo uko kando ya reli yenyewe. Mackinnon Road pana msikiti uliojengwa karibu sana na njia, penye kaburi la Sayyid Baghali Shah, mtu wa Punjab aliyefanya kazi katika reli na aliyeheshimiwa kwa uchaji wake. Wasafiri wa barabara na wa reli husimama hapo kuswali na kupumzika. Makindu pana hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka wa 1926 na wafanyakazi wa reli, na mpaka leo msafiri wa dini yoyote hupewa chakula bila malipo. Majengo haya mawili yalijengwa na watu wa jamii ile ile iliyozika wafu wake kando ya njia. Stesheni iliwapa mshahara na sheria. Kile ambacho stesheni haikuwa nacho, yaani mahali pa kumpokea mtu kwa kuwa ni mtu, walikijenga wenyewe hatua chache kutoka hapo. Mtafiti apimaye stesheni ya Makindu akaliacha hekalu lake amepima nusu ya jengo.

Haifai, hata hivyo, kuipamba historia hii kwa maua peke yake. Jukwaa lilipokea wageni, nalo lilipokea wafungwa pia. Mwezi wa Aprili 1954 serikali ya kikoloni iliwakamata watu kwa maelfu katika Nairobi, na wengi wao wakapelekwa katika kambi za Mackinnon Road na Manyani, zote mbili kando ya reli hii. Nyika iliyochaguliwa kwa kuwa tupu ilipata kazi mpya kwa sababu ya utupu wake. Ubao ule ule uliomwambia msafiri kwamba amefika, ulimwambia mfungwa kwamba yuko mbali na kwao. Jengo halina dhambi wala thawabu, lakini hukumbuka lililotendwa mbele yake maadamu limesimama.

Wala si nyika peke yake iliyoigeuza stesheni. Reli ikikwea hata nyanda za juu hupita Limuru, nchi ya mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o. Katika riwaya yake A Grain of Wheat, iliyotolewa mwaka wa 1967, vijana huenda stesheni siku ya Jumapili hali hawana safari. Huenda kuonana, kusikia habari na kutazama garimoshi likija na kuondoka. Mwandishi huyo alitambua jambo ambalo vitabu vya uhandisi havikulitaja: kwamba jukwaa lililojengwa kwa ajili ya kuondoka limekuwa mahali pa kukutana.

Ili thamani ya mbao na mabati ipimwe vema, yafaa kutazama jengo la namna nyingine. Wajerumani walijenga reli yao ya kati kutoka Dar es Salaam tangu mwaka wa 1905, nayo ikafika Kigoma, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mwanzoni mwa mwaka wa 1914, baada ya kilomita zaidi ya 1,200. Stesheni ya Kigoma ni jengo kubwa la ghorofa, lenye kuta nene nyeupe, na lilijengwa kama kwamba wenyewe watakaa karne nyingi. Vita vilianza mwezi wa Agosti mwaka ule ule, na mwezi wa Julai 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Kigoma. Walioinua kuta zile waliziongoza kwa muda usiotimia miaka mitatu. Kwa upande wa pili, vibanda vya mabati vilivyoinuliwa kwa haraka katika nyika viliona utawala wa kikoloni hata ulipokwisha mwaka wa 1963, na baadhi yake vingali vimesimama. Somo ni wazi: unene wa ukuta hauonyeshi umri wa amri. Jengo hudumu kwa kadiri linavyopata watu wa kulitumia.

Kutumika kwa stesheni za nyika kulipungua kwa hatua, na hatua ya kwanza ilikuwa kwisha kwa kiu. Kuanzia mwaka wa 1960 hivi injini za dizeli ziliingia katika njia kuu, na kufikia miaka ya 1980 mvuke ulikuwa umetoka katika kazi za kila siku. Injini ya dizeli yaweza kupita Voi na Makindu bila kunywa. Matangi yalibaki juu ya minara yake, makavu, na wafanyakazi wa maji, wa kuni na wa karakana wakapungua. Sababu iliyozaa miji hiyo ilitoweka, lakini miji haikutoweka. Watu walikwisha kuzaliwa pale, kuoa pale na kuzika pale.

Hatua ya pili ilikuja kwa jambo ambalo zamani lingeweza kudhaniwa kuwa ndoto: njia mpya kabisa. Reli mpya pana ya Mombasa na Nairobi ilifunguliwa tarehe 31 Mei 2017, na mwaka huo huo magari ya abiria ya njia ya zamani kati ya miji hiyo yakakoma. Njia mpya ilianza na stesheni tisa za abiria: Mombasa, Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali, Athi River na Nairobi. Majengo yake ni makubwa, safi na yenye nafasi, na safari iliyochukua usiku mzima sasa huchukua saa chache. Faida hiyo ni ya kweli. Lakini Mackinnon Road, Makindu, Sultan Hamud na Kima hazimo katika orodha ile. Kama vile Machakos ilivyopitwa na reli ya kwanza, ndivyo watoto wa reli ya kwanza walivyopitwa na reli ya pili.

Hapo ndipo swali la hifadhi linapokuwa swali la watu. Wako wasemao kwamba nyumba hizi ni kumbukumbu za unyonge, na kwamba bati lenye kutu halistahili fedha ambazo zingejenga darasa. Hoja hii si ya kudharauliwa. Dirisha dogo la tiketi na mlango wa chumba cha wateule ni kumbukumbu za unyonge kweli. Lakini anayeliondoa dirisha hilo huondoa ushahidi, wala haondoi tendo. Mtoto aliyeelezwa darasani kwamba watu waligawanywa kwa rangi huyasikia maneno. Mtoto aliyesimama mbele ya dirisha lenyewe, akaupima upana wake kwa mkono, huelewa.

Wako pia wasemao kinyume, kwamba kila stesheni ya zamani ipakwe rangi, ifungwe kwa kufuli na kuwekewa kibao. Shauri hili nalo lina upungufu. Stesheni iliyofungwa hurudi katika hali ya ganda tupu, na mchwa hawasomi vibao. Ikiwa maelezo yaliyotangulia ni ya kweli, kilicho cha thamani katika stesheni ya nyika ni mambo mawili yaliyoshikana: umbo lililotokana na kiu ya injini na amri ya mtawala, na maana iliyotokana na watu walioketi upenuni. Kuhifadhi umbo bila kikao ni kuhifadhi nusu. Ofisi ya zamani yaweza kuwa maktaba ya kijiji. Ghala yaweza kuwa soko la wanawake wauzao asali na vikapu. Chumba cha kungojea cha daraja la kwanza chaweza kuwa darasa la watu wazima, wakaingia kwa mlango ambao wazee wao hawakuruhusiwa. Upenu na uachwe kama ulivyo, kwa kuwa kazi yake haikukoma.

Sheria ya Kenya ya mwaka wa 2006 juu ya makumbusho na urithi yatoa njia ya kuyalinda majengo ya kihistoria. Sheria, hata hivyo, hulinda kile kilichokwisha kutambuliwa, na kutambua ni kazi ya wasomi. Kazi hiyo haihitaji mali nyingi. Wanafunzi wenye kamba ya kupimia, karatasi na subira wanaweza kuchora ramani ya stesheni moja katika muda wa likizo: nafasi ya ofisi, urefu wa upenu, mahali pa tangi, alama za nguzo zilizoondolewa. Wanaweza kuwauliza wastaafu wa reli na wachuuzi wa zamani ni nani aliketi wapi, kipande cha reli kiligongwa mara ngapi, na maneno gani yalitumiwa na mafundi ambayo kamusi hazijayaingiza. Mzee akifa leo huondoka na ramani ambayo hakuna kumbukumbu ya serikali iliyoichora.

Mpagazi wa kale alipofika kituoni alitua mzigo wake, akanywa maji, akauliza habari za njia kwa aliyemtangulia, na akamwachia atakayemfuata habari zake. Reli ilipokuja haikuibatili desturi hiyo. Iliijengea paa bila kujua. Paa hilo sasa lina kutu, na aliyelijenga amekwenda zake. Waliobaki chini yake ndio wenye nyumba, na mwenye nyumba ndiye apaswaye kuamua kama baraza yake itabomoka au itatengenezwa.